Droo ya Chini

Abdullah alikuwa na duka la samani kuukuu mjini Homa Bay, na watu walimjia hata kutoka Migori kwa sababu moja: hakuwa akisema uongo juu ya mbao. Ukimwambia kiti chako kimetoka Ulaya, naye akaona ni cha fundi wa Kisumu, atakwambia ni cha Kisumu, ukasirike usikasirike. Ujuzi huo aliupata ujanani kwa mjomba wake Mombasa, aliyekuwa akitengeneza makabati ya matajiri.

Jumapili moja ya mwaka 1966 alifunga safari hadi Ndhiwa kwa mkulima aitwaye Monari. Zamani Monari alikuwa mpishi wa afisa mmoja Mzungu, na yule afisa alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia kabati la droo. Sasa Monari alitaka plau ya kulimia, na kabati ndicho kitu pekee cha thamani nyumbani mwake.

Baada ya salamu, Abdullah alipiga goti mbele ya kabati. Alipitisha kiganja juu yake, akanusa pembe moja, akavuta droo ya juu na kutazama jinsi mbao zake zilivyoshikana kwa meno yaliyochongwa kama mkia wa njiwa.

"Huyo bwana wako hakukupa takataka," alisema. "Huu ni mti wa msaji. Lilitengenezwa Bara Hindi, kwa maafisa wa jeshi waliokuwa wakihamahama. Tazama, linagawanyika katikati, kila nusu ibebwe peke yake. Na vishikio vya shaba vimezamishwa ndani ya mbao, visikwaruzane na mizigo mingine."

"Ni ya zamani?"

"Limezaliwa kabla ya baba yako."

Monari alitabasamu, akamwangalia mkewe. Nyanchoka alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Abdullah akafikia droo ya chini. Ilikataa, kisha ikatoka kwa kukwaruza. Mbao zake zilikuwa nyepesi, zimepakwa rangi ya kahawia zifanane na za droo nyingine, na pembe zake zilipigwa misumari tu. Vishikio vilikuwa vile vile vya zamani.

"Hiyo ilitengenezwa tena," Monari alieleza. "Ya kwanza ilikuliwa na mchwa wakati nilikuwa kazi Kericho. Huyu mke wangu akamwambia Osoro, seremala wa hapa sokoni, aweke ingine."

Abdullah aliingiza mkono katika uwazi ule, akapapasa mbao zilizoibeba droo. Zilikuwa laini, hazina hata tundu.

"Mchwa hawakufika hapa, ndugu yangu. Mchwa hawali msaji. Na hata wangekula, wangemaliza vipi droo nzima wakaacha..."

Aliyasema kama mtu anavyosema mambo ya kazi yake. Kisha akaona jinsi Monari alivyomgeukia mkewe, akatamani maneno yarudi kinywani.

"Nyanchoka," Monari alisema polepole. "Droo ilienda wapi?"

Angeweza kumjibu kwa Kigusii, mgeni abaki nje ya habari yao. Alijibu kwa Kiswahili. Labda maneno ya lugha ile hayakuwa karibu sana na moyo wake, yakawa mepesi kuyatoa.

"Iko na Kemuma."

Monari aligeuka kuitazama ile droo.

"Ile mvua ya sitini na moja," Nyanchoka aliendelea, "mto ulibeba daraja. Wewe uko Kericho, barabara imekatika. Osoro hakuwa na ubao hata mmoja, lori la mbao lilikwama mbali. Wazee wa kanisa wakasema tumzike Kemuma kwa mkeka. Nikakataa. Kaburi lilikuwa linatoka maji. Nilitoa nguo zako kwa droo, nikafungua vishikio kwa kisu, sikutaka aende na vyuma. Dolphine, jirani yetu, ndiye alinisaidia kuweka kifuniko. Alitosha vizuri. Hakukunjwa."

"Uliniambia wazee walileta sanduku."

"Ulifika umekonda, miguu imevimba kwa kutembea. Ningekuambia mtoto wako amezikwa kwa droo ya nguo?"

Monari aliketi kitandani. Abdullah alichukua kofia yake, akaanza kuelekea mlangoni. Hayo yalikuwa mambo ya watu wawili.

"Kaa, bwana," Monari alimzuia. "Sijamaliza kukuuliza. Huo msaji ukikaa chini ya udongo, kwa maji, unakuwa namna gani?"

Abdullah alisimama pale pale. Alijua kwamba akijibu haraka ataonekana anafariji tu. Alitafuta kitu alichokiona kwa macho yake.

"Kwetu pwani waliwahi kung'oa nguzo ya msaji iliyokaa baharini tangu zama za babu zetu," alisema. "Juu ilikuwa nyeusi. Mjomba wangu akaikwangua kwa randa, na ndani ilikuwa bado inanukia mafuta yake. Siwezi kukuambia utadumu milele. Lakini mimi na wewe tutatangulia."

"Na mchwa?"

"Mchwa hapana."

Monari aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika bila sauti. Nyanchoka alitua sinia sakafuni, akaketi karibu naye.

Abdullah aliamini biashara imekwisha. Lakini baada ya muda ni Nyanchoka aliyesema, "Taja bei, Bwana Abdullah."

Aliitaja. Nyanchoka akatikisa kichwa.

"Hiyo ni bei ya kabati nzima. Droo moja si yake."

"Mama, kwangu mimi ni zima."

"Kwangu si nzima. Mimi ndiye naifungua kila Sabato nikitoa nguo za kanisa. Sema bei yake ya kweli, uichukue."

Abdullah alimtazama Monari, naye akaitikia kwa kichwa. Basi akaipunguza bei, na lilikuwa jambo gumu kuliko kuipandisha.

Kabla ya kupakia mzigo, mume na mke walitoka kwenda nyuma ya nyumba, penye mawe machache yaliyopangwa katikati ya migomba. Kupitia dirishani Abdullah aliwaona wakisimama. Monari aliuliza jambo, Nyanchoka akaonyesha upande kiliko kichwa cha mtoto. Kisha akafungua mikono yake, kumpimia urefu wa ile droo. Monari naye akafungua yake, akaitazama nafasi iliyokuwa kati ya viganja vyake.

Walikaa huko mpaka kivuli cha migomba kikafika ukutani. Waliporudi, Monari alinawa uso, akakunja mikono ya shati, akashika kabati upande mmoja.