Maneno ya Babu Yalipofutika

Kompyuta ya Babu ilikuwa imechoka kuliko mwenyewe. Ukiiwasha, unafagia nyumba nzima, unarudi, nayo bado inajinyoosha. Mjukuu, binti wa bintiye Bibi, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta, alisema dawa ni moja tu: kufuta kila kitu, kuweka mfumo mpya, kisha kurudisha programu moja moja.

Bibi aliiogopea programu moja. Miaka miwili sasa, tangu kiharusi kimfunge Babu ulimi, mzee alisemea kwa hiyo: vitufe vikubwa vimejaa kwenye skrini, akibofya kimoja kwa mkono wa kushoto, mashine inamsemea. Maneno yote aliyatia Bibi mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, yeye aliyeishia darasa la nne.

Siku moja kabla, mjukuu alimwambia kwa simu anakili kwenye flashi kila kitu cha programu ya Babu. Bibi akanakili. Alikishika kile kipicha cha mdomo mwekundu kinachobofywa kuifungua, akakiburuta hadi kwenye flashi, akaichomoa, akaifunga kwenye leso kama mtu anayehifadhi pete.

Asubuhi mjukuu akafika, akauliza kama kila kitu kipo.

"Kila kitu, mke mwenzangu," Bibi akasema, na Bibi hajawahi kushikwa na uongo.

Basi mjukuu akafuta. Kufika adhuhuri kompyuta ilikuwa nyepesi kama mtoto aliyeoga. Programu ikapakuliwa upya mtandaoni, ikakaa vizuri. Kisha mjukuu akachomeka flashi, akakuta ndani kipicha kimoja tu.

"Bibi," akasema polepole, "hiki ni kibao cha mlangoni. Nyumba yenyewe hatukuihamisha."

Ikabidi aelezwe: kipicha huonyesha tu programu iliko, maneno yalikuwa ndani, kwenye folda nyingine, nayo imekwenda. Bibi akajikuta ameketi kitandani kwa Babu. Mjukuu alijilaumu yeye, akisema fundi gani huyu anabomoa kabla ya kukagua mzigo. Bibi akamkataza. Lawama zingefaa nini? Mbele yao palikuwa na vitufe ishirini vitupu, na mzee aliyefanywa bubu mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mkewe.

Mjukuu akasema atayaandika upya, Bibi amtajie tu. Bibi akaanza: Nataka maji. Nataka kulala. Nataka supu. Nimeshiba. Ahsante. Alipofika hapo, Babu akanyoosha mkono wa kushoto, akausukuma mkono wa mjukuu utoke kwenye kibodi.

Wakatazamana. Siku zile za mwanzo mzee hakutambua hata herufi, ndiyo maana Bibi alimchagulia maneno; tangu hapo hakuna aliyemwuliza tena. Mjukuu akamsogezea kibodi. Kidole kikatembea kama mtu anayevuka tope, Bibi akizisoma herufi kwa sauti, moja moja. Sitaki.

"Hutaki nini, mume wangu?"

Kidole kikarudi safarini. Supu.

Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Miaka miwili kampa supu kila jioni, naye kasema ahsante, kwa kuwa hakupewa neno jingine.

"Pole, Babu," mjukuu akasema, "umeolewa."

Mabega ya Babu yakatikisika. Ndicho kicheko chake siku hizi.

Wakashinda hapo. Sitaki ikawekwa juu kabisa. Ikafuata Fungua dirisha. Ikafuata Nani kashinda, ya mambo ya mpira. Kisha Huyu anaongea sana, ambayo mzee aliijaribu papo hapo mara tatu, akimtazama mjukuu.

Jua lilipopoa, Bibi akanyanyuka aende jikoni, akawaze atapika nini, maana supu imepigwa marufuku. Amefika mlangoni, mashine ikasema nyuma yake. Lilikuwa neno jipya. Mzee alikuwa amelitia mwenyewe, wao wakiwa wamezama kwenye mazungumzo.

"Keti."

Bibi akageuka. Akarudi, akaketi.