Maua ya Kwenye Kola

Fundi cherehani alikuwa anabadilisha kola ya sare ya mumewe, askari wa hifadhi ya mlima, alipokuta ua limeota mshononi. Lilikuwa jeupe, kavu kama karatasi, la kule juu jirani na theluji. Akalikata kwa mkasi, akaendelea kushona.

Wifi yake, aliyekuja kuazima pasi, aliona yote.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Hapiki, hafui, na mume wa mtu kwake habanduki."

"Pasi leo haitoki," alisema fundi. Jibu alilijua. Lilikuwa limejaa dirisha zima, na kilemba cha wingu kichwani.

Jioni mume alirudi na ukungu mifukoni. Alikula akiwa amempa mkewe mgongo, uso dirishani.

"Leo umetakata kweli," alisema. Fundi, mwenye gauni jipya, hakuuliza nani.

Walipolala, aligusa bega la mumewe, akakuta majani laini kama zulia. Akayang'oa yote kwa hasira, na mizizi yake.

"Taratibu, mama," alisema mume, akageukia ukutani.

Kesho yake yaliota maradufu, na mume hakurudi. Alikuja askari mwenzake, kofia mkononi.

"Shemeji, mzee amezuiwa getini. Kinachoota mlimani hakitoki, ndiyo sheria."

"Kwani si mume wangu?"

"Ni wako, nani anakataa? Ila ameota."

Mume mwenyewe hakubisha. Getini hapohapo aliwahi kumnyang'anya mama mkwe wake mzigo wa kuni, akimwita mama kwa heshima zote.

Fundi akachukua sindano na uzi, akaenda. Alimkuta nyuma ya kamba, kijani mpaka magotini, maua mabegani. Alipendeza kuliko siku ya harusi, na hilo ndilo lililomchoma. Wageni walikuwa wanampiga picha.

"Nyumbani hawajambo?" aliuliza mume.

"Hawajambo. Sogea, kifungo hicho kimelegea."

"Kutazama ruksa, shemeji, kugusa hapana," alisema yule mwenzake, huku akimtua bibi mmoja mzigo wa kuni.

Wingu likashuka, likamfunika mume polepole kuanzia kichwani, hadi hata buti hazikuonekana.

"Kumbe na wewe una wivu," fundi aliuambia mlima.

Akajisogeza kwenye benchi la wageni, akangoja zamu yake.