Mkono wa Fundi Msabaha

Masika yalikuwa yamebakisha siku kumi kuanza, na nyumba ya wagonjwa ya Bagamoyo haikuwa na paa. Mwaka wa pili huo! Kila pembe ya ndovu iliyoshuka kutoka bara ilitozwa ushuru kwa ajili yake, na bado kuta zilikuwa zinatazama mbingu tu. Liwali akachoka kuulizwa. Akamwita Alawi, karani wa baraza lake, akamwambia, "Nenda kakague. Alhamisi unitajie mwenye kosa. Nitamfunga ngomeni, na kuta hizo nizifanye ghala la pembe, tujue moja."

Alawi akaenda akijikokota. Homa ilimshika toka juzi, ile ndogo isiyomlaza mtu, na mji wote ulimpitia polepole kana kwamba anautazama kutoka chini ya maji. Sauti za watu zilimfikia zimechelewa. Nyuma ya kuta, katika banda la makuti mabovu, walilala wapagazi waliovunjwa na safari, na mmoja wao alikuwa Kulwa. Huyo Kulwa ndiye aliyembeba Alawi mgongoni siku tisa toka Ugogo, miaka mitatu nyuma, wenzake walipokwisha sema mwacheni afe. Sasa kidonda kilikuwa kinamla mguu.

"Bwana Alawi," Kulwa alisema taratibu, "mvua ikinikuta hapa bandani, sitoki."

"Itakukuta ndani," Alawi akajibu, na moyo ukamuuma, maana hakujua kama anasema kweli.

Fundi Msabaha, mjenzi wa nyumba hiyo, alikuwa ameketi juu ya rundo la boriti, mtu mrefu, mikono inakaribia magoti. "Umekuja kunifunga?" akauliza. "Haya, njoo uone kwanza."

Wakanyanyua boriti moja, wakailaza juu ya kuta. Upande mmoja ukakaa vizuri. Upande wa pili ukaning'inia hewani, umepungua shubiri nzima. Wakajaribu ya pili, na ya tatu. Zote hivyo hivyo.

"Mosi wa Saadani ametuibia!" Alawi akasema. Mosi ndiye mkata boriti.

"Mosi hajaiba kitu. Sisi mafundi tuna desturi yetu. Napima ukuta kwa mkono wangu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, nafunga mafundo kwenye kamba, kamba inapelekwa kwa mkataji, maana mikono ya watu hailingani. Sasa mwulize Mosi, kamba yangu aliiona wapi?"

Alawi akakaa chini. Jua lilikuwa kali, naye alisikia baridi. Kama mtu aliye usingizini akaziona kuta zikiachana, taratibu, kila mmoja ukienda zake, na katikati yake akajiona mwenyewe, mwaka uliopita, ameishika ile kamba aliyopewa aipeleke Saadani. Aliicheka, loo! Kamba za nini, naye amesoma? Akaitumia kufungia mzigo wake, kisha akaandika barua kwa hati nzuri ya kupendeza: boriti sitini, kila moja mikono saba. Mosi ni kijitu kifupi. Alisomewa barua, akanyoosha kimkono chake, akapima saba, akakata.

"Ulijua?" Alawi akauliza.

"Toka siku boriti ziliposhushwa."

"Mbona hukusema?"

"Nimseme karani wa Liwali? Kalamu unayo wewe, bwana. Andika unachotaka."

Na ilikuwa rahisi, tusidanganyane. Mstari mmoja tu, Mosi mwizi au Msabaha mzembe, na Alawi angelala kwake salama. Siku mbili alizunguka na homa yake, karatasi nyeupe mkononi, akimwona Kulwa kila alipofumba macho. Aliogopa ngome, aliogopa sana.

Alhamisi akasimama barazani. "Mwenye kosa ni mimi," akasema, akaeleza yote. Baraza likaangua kicheko. Liwali hakucheka.

"Na paa?"

"Boriti zilizotimia zipo hapa hapa mjini, Bwana Liwali. Nyumba yangu aliijenga Msabaha. Vyumba vyangu ni mikono saba, na mkono ni ule ule."

Liwali akasema, "Kalamu iweke chini, huna kazi tena kwangu. Nakupa siku saba. Paa lisipokaa, wewe ngomeni, kuta ghala."

Wakabomoa nyumba ya Alawi. Ashatu, mkewe Alawi, alisimama uani akitazama dari lake likishuka boriti kwa boriti, vumbi la chokaa limejaa kwenye ukaya aliojifunga kichwani. Hakumsemesha mumewe hata neno moja, siku zote hizo.

Siku ya saba Msabaha akalaza boriti ya mwisho, wakaezeka makuti juu yake, wakawaingiza wagonjwa. Mvua ikaanza jioni hiyo hiyo. Alawi alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Kulwa, anaisikiliza kama anayesikia habari ya mtu mwingine, mara mlango ukajazwa na godoro. Chini ya godoro alikuwa Ashatu, amelowa chapachapa.

"Ashatu! Unakwenda wapi?"

"Nakuja kwangu. Niliolewa chini ya boriti hizi, bwana wee, siendi kulala chini ya mawingu." Akalitua godoro. "Shemeji Kulwa, hebu nisogezee mguu huo."

Kulwa akausogeza kwa mikono miwili. Alawi akageukia ukutani, akalia.