Madigadi ya Kushoto

...na mkono usisimame, ukisimama tu hata kwa kupepesa jicho rangi inajaa mahali pamoja na kushuka michirizi, twende, kutoka taa mpaka mlango, achia kidole, rudi, mlango mpaka taa, mstari mpya ulalie nusu ya mstari uliopita, hivyo hivyo, kompresa inanguruma nyuma yangu na barakoa inanibana pua na jasho linanichoma macho, lakini mkono uko sawa, mkono huu umepuliza rangi makabati ya chuma ya maofisi kule kiwandani tangu nikiwa msichana mpaka siku waliponipa saa ya ukutani na kuniambia nikapumzike, makabati, madawati, vitanda vya hospitali, na leo madigadi ya kushoto ya gari kuukuu la mume wangu, hapa mbele ya nyumba yetu, kati ya geti na baraza, mchana kweupe, rangi ya njano... "Njano, jamani!" namsikia kule barazani, sauti yake inanifikia vipande vipande, "gari la heshima kama hili... nimemwambia Mama, watu watadhani tunauza ndizi," na jirani yetu fundi cherehani anacheka kile kicheko chake cha kukohoa, kikombe cha chai kimemkaa gotini, haya chekeni, chekeni wote wawili, njano nimeichagua mimi na nimeichanganya mimi, na yeye mgongo umemkatalia hata kuinamia tairi, amebaki na mdomo, mdomo haujastaafu, na sasa hivi atafika kwenye hadithi ya geti, namjua, akipata chai na mtu wa kumsikiliza lazima afike kwenye geti... shusha mkono kidogo, hapa bati linapinda, fuata mpindo, usilikimbilie duara, duara liache, nimelifunika vizuri kwa gazeti na gundi ya karatasi, kiasi cha sahani ya chai, pembeni kidogo ya taa, na hakuna anayejua kilicho chini ya gazeti lile isipokuwa mimi, na Jumamosi watoto wote wanakuja na wajukuu na mashemeji kuliona gari, na Jumamosi nitabandua gazeti, nitamwita mbele yao wote, nitamwambia Baba watoto, hebu njoo, njoo na miwani yako, tusomee hapa... "Unajua kwa nini huyu wanamwita Mama Geti?" haya, si nilisema, na fundi cherehani anajua, ameisikia hadithi hii mpaka angeweza kuishona ikawa suruali, lakini chai ni ya mwenyewe, kwa hiyo anauliza, "Kwa nini, bwana?" kama mtu aliyeshuka leo kutoka mwezini.

Basi asimulie, mimi nilikuwepo, tulikuwa ndio kwanza tumeoana, hatujamaliza hata kuzoeana majina ya utani, mimi na leseni yangu mpya niliyoipata kwa jasho langu, siku moja narudi nyumbani, nakata kona kuingia getini, madigadi ikagusa nguzo, iligusa, mlio mdogo kama wa sufuria kuwekwa chini vibaya, na pale pale kipande kikubwa cha rangi ya kijani kikadondoka na kuacha shimo ambalo ngumi ingeingia, nikashuka, roho juu, nikalitazama lile shimo na kujiuliza nimeligonga kwa nguvu gani mimi, mbona nguzo haina hata alama, nilijiuliza, Mungu anisamehe, nilijiuliza kabisa siku ile ile, mbona nguzo nzima... na yeye akatoka ndani ameshika kichwa, dereva wa malori, mtu wa safari ndefu, fundi wa barabara, "Umelimaliza gari langu! Gari halijawahi kuguswa hata na ukucha!" na mimi nikalia, nikalia kama mtoto, nikaomba radhi jioni ile na kesho yake na keshokutwa yake, akazichukua funguo mkononi mwangu taratibu, kwa upole, ndiyo, upole ndio ulionimaliza, "Basi, mke wangu, kila mtu na kipaji chake," akaliziba mwenyewe nyuma ya nyumba, akalipaka rangi ya damu ya mzee gari zima, akawasimulia kaka zake, wakanibatiza Mama Geti, watoto wakazaliwa wakakuta jina lipo, mwanangu mwenyewe darasani aliulizwa mama yako anaitwa nani akasema Mama Geti, na mimi nikacheka, nimecheka miaka yote hii, mtu akinichokoza nacheka kabla yake ili yaishe upesi... "Aisee, nguzo ilitikisika!" anatia chumvi, nguzo haikutikisika, muongo we, iko pale pale, naiona kutoka hapa nilipo, imesimama wima na chokaa yake.

Rudi, mlango mpaka taa, usiinamishe bunduki ya rangi, umbali wa kiganja kilichokunjuliwa... na mvua ile, siku ile ya mvua, hiyo haisimuliwi na mtu barazani, yeye yuko safarini na lori, kitinda mimba wangu anaungua homa, mara macho yakageuka, mwili ukakakamaa, degedege, na gari liko hapa, hapa hapa nilipokanyaga, limejaa mafuta, na funguo zimening'inia kwenye msumari jikoni, nilizitazama, nilinyoosha mkono nikazigusa, zilikuwa baridi, kisha nikaona lile shimo, si kwa macho, kichwani, nikasema nikimgonga mtu je, nikimuua mtoto mwenyewe je, mtu mwenyewe ni Mama Geti, nikamfunga mtoto mgongoni, nikajifunika turubai na kwenda kwa miguu mpaka zahanati, matope mpaka magotini, nikimwimbia kwa sauti ili nisisikie kimya chake, na alipona, namshukuru Mungu alipona, sasa ni mwanamke mzima ana mikogo yake, lakini nilitembea, nilitembea kwenye mvua na gari liko nyumbani, na yeye aliporudi na kusimuliwa akasema nini, akasema "Pole, mama, ulifanya vizuri kutolijaribu gari."

Ulifanya vizuri! Hasira hizi, angalia mkono, mkono usichukue hasira... na juzi nikapiga msasa wa maji hapa pembeni ya taa, taratibu, rangi zikawa zinafunguka moja baada ya nyingine, damu ya mzee, chini yake puti nyeupe, ule uji mzito wa kuzibia mabonyeo, aliyozibia yeye baada yangu, sawa, hiyo naijua, pembeni yake kijani, nikasema hapo ndipo mwisho, chini ya kijani tutakuta bati, na chini ya kijani nikakuta puti, nyingine, ya kijivu, nzito, unene wa kidole gumba, kongwe, ngumu kama jiwe, na chini yake ndiyo buluu ya kiwandani imepasukapasuka na bati limebonyea ndani, nikakaa chini, nikakaa kwenye maji ya msasa, maana kazi hii mimi naijua, rangi haiwezi kuingia chini ya nyingine kwa miguu yake, puti ile iliwekwa kabla ya kijani, na kijani kilipakwa kabla yangu, gari lilikuja kunioa likiwa la kijani linang'aa, kwa hiyo aligonga yeye, dereva wa malori, aligonga, akaziba, akapaka kijani, akaja kwa wazazi wangu anapiga honi, na nilichokidondosha mimi getini kilikuwa puti yake, na alipoziba mara ya pili aliiona, lazima aliiona, aliikwangua kwa mikono yake mwenyewe nyuma ya nyumba akiwa peke yake, akanyamaza, akaingia ndani akala chakula nilichompikia huku nimevimba macho kwa kulia, akanyamaza mpaka leo... ndiyo maana duara liko chini ya gazeti, Jumamosi, mbele ya kaka zake, buluu, kijivu, kijani, nyeupe, damu ya mzee, mtoto wa shule ataelewa, nataka kumwona usoni, nataka kuona atapitia wapi... "Na ukuta wangu je?" fundi cherehani, hee, leo ameamka na moyo, "ukuta wangu ule uliougonga ukirudi nyuma ukaulaza, mbona husimulii?" na mume wangu anacheka, anacheka kwa raha zake zote, "Aa, wewe nawe! Ukuta wenyewe ulikaa vibaya. Tena si bati tu lile? Bati linanyooshwa, maisha yanaendelea."

Si bati tu... twende, mkono usisimame... bati linanyooshwa, amesema, kwa mdomo wake, na kesho yake baada ya ukuta ule aliamka akaendesha, nakumbuka, aliamka anapiga mluzi, hakuna aliyemnyang'anya funguo, hakuna aliyembatiza Baba Ukuta, na mimi muda wote huu, tangu juzi, nimeshika duara hili kama mshtakiwa aliyepata shahidi, sikugonga, oneni, sikugonga, na kama ningegonga? Ngoja. Kama ningeligonga kweli, nguzo ikalala na madigadi ikakunjika kama karatasi, kwani ingekuwa nini, bati, linanyooshwa, ningeamka kesho yake nikaendesha, na siku ya mvua ningemlaza mwanangu kiti cha nyuma na kuwasha gari, hilo ndilo nililonyang'anywa, na duara halitanirudishia, hata akikiri mbele ya mashemeji wote, hata akipiga magoti, nitakuwa nimesimama tena nikingoja yeye aseme naweza, na mimi nimechoka kumngoja mtu huyu aseme, nimechoka, nimechoka mpaka kwenye mifupa... basi toa gazeti, toa sasa hivi kabla ukingo haujakauka, kwa ukucha, taratibu, gundi inabanduka, hizi hapa rangi zake zote na uongo wake katikati, nazitazama mara moja na inatosha, praima, rangi ya kwanza ya kushikia, haikupita hapa, najua, ningewagombeza wasichana wa kiwandani kwa kosa hili, patajitenga siku moja, na pajitenge, nitapiga msasa na kurudia, ni gari langu la kurudia, twende, taa mpaka mlango, juu ya kijani, juu ya kijivu, juu ya buluu, njano, rudi, njano tena, inakaa, tazama inavyokaa, na moyo unadunda lakini si kwa hasira, au ni hasira lakini hasira yenye miguu... leseni imekufa zamani, Jumatatu nitakwenda kuomba nyingine, nikapange foleni na vijana wanitazame wanavyotaka, na nikimgusa mtu nguzo yake nitashuka, nitamwomba radhi mara moja, nitalinyoosha, nitawasha niondoke... "Mama!" anaita, anapunga kikombe, "Mama! Likikauka nitakutembeza, sawa? Nitakupeleka mjini wakuone na njano yako!" na fundi cherehani anatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba nimepewa zawadi, na mimi sizimi kompresa wala sivui barakoa, mkono unakwenda na kurudi, nasema kwa sauti yangu yote ndani ya barakoa, "Utakaa pembeni, naendesha mimi!" na yeye anaweka mkono sikioni, "Eh? Unasemaje?" na mimi nafuata mpindo wa bati mpaka mlangoni.