Meza Yangu Imehamia kwa Clara

Baba alisema likizo yote ya mwezi wa sita sitabanduka kwenye meza ya kusomea. Marafiki niliomaliza nao darasa la saba, eti watanirudisha nyuma. Nikakaa chumbani nakariri kemia, huku namsikia Clara, shoga yangu wa tangu utotoni, akipiga randa mbao kwenye karakana ya mjomba wake, nyumba ya pili tu hapa Keko.

Leo nikachoka. Nikamwita Clara, tukainyanyua meza, yeye mbele mie nyuma, tukakatiza sebuleni. Baba alikuwa anakunywa chai.

"Sekela! Mnaipeleka wapi hiyo meza?"

"Shikamoo, baba. Kwa kina Clara."

"Si nilikwambia usibanduke mezani?"

"Ndiyo maana naondoka nayo."

Tuliiweka karakanani, katikati ya vitanda visivyopigwa vanishi. Clara akaranda, mie nikasoma, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Jioni baba akaja, amekunja uso. Nikampa daftari. Akakung'uta vumbi la mbao, akasoma majibu yote, akakosa pa kunishika.

"Haya, turudi nyumbani."

"Narudi, baba. Meza inabaki."