Alama Juu ya Paa la Maktaba

Kazi ya Walburga ilikuwa kupaka rangi. Picha za majumba zikishachapwa nyeusi tupu, yeye na wenzake ndio walioipa mbingu buluu yake na mapaa rangi yake nyekundu. Jiwe la kuchapia halikuwa lake. Karakana zote za Munich zilijua hivyo: jiwe likishachorwa, haliguswi. Hunywa mafuta yoyote, hata ya kidole, na penye mafuta ndipo wino hukaa.

Lakini picha ya maktaba mpya, aliyoichora Mzee Korbinian jiweni, ilimshinda kujizuia. Wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki na mkate wake wa mafuta ya nguruwe, akalisogelea jiwe. Madirisha yale yote mzee ameyachora kinyume, kushoto kuwa kulia, ili karatasini yatoke sawa! Akainama zaidi, mguu ukateleza, akajishikiza. Dole gumba likatua kwenye anga ya picha, juu ya paa. Akalitoa upesi. Jiwe likabaki jeupe kama lilivyokuwa. Akajiambia hapajaharibika kitu, akaenda zake.

Alasiri Vitus mchapaji akalimwagia jiwe tindikali kulitayarisha, akalipaka wino, akavuta karatasi ya kwanza.

"Yesu na Maria! Mzee, maktaba haijafunguliwa, wewe umeshaichoma moto?"

Juu ya paa palikuwa na doa jeusi. Bwana Hirneis, mwenye karakana, akaja na miwani yake.

"Korbinian, nilikwambia tangu Pasaka, mkono huo umeanza kutetemeka. Sasa unaegemea jiwe kama meza ya kilabuni!"

"Labda alikuwa anatafuta pa kuweka bia," Vitus akadakia.

Mzee aliipeleka karatasi dirishani, akaitazama kitambo. Katikati ya doa ulipita mstari mweupe, mwembamba, umelala upande. Akageuka, akautazama mkono wa Walburga, pale mezani pa rangi, mara moja tu. Dole gumba lile lilikuwa na kovu la kisu tangu utotoni.

"Ni uzee, bwana," akasema.

"Basi hili liwe jiwe lako la mwisho. Usinichukie."

Korbinian akaanza kufungua aproni. Walburga alikuwa ameshika brashi, buluu inadondokea meza, uso unawaka. Alimngojea mzee amtaje. Angemtaja, ingekuwa nafuu. Mzee alihangaika na fundo la aproni.

"Bwana, ni mimi."

"Wewe nini?"

Akanyoosha dole gumba. Bwana Hirneis akalilaza kando ya doa. Kovu na mstari, sawasawa.

"Mtoto wa watu wewe! Ukakaa unatazama mpaka mzee anavua aproni?"

Hata Vitus, asiyekosa mzaha, alitazama pembeni.

Korbinian akafunga tena aproni, akachukua kisu chake cha kukwangulia, akalikwangua lile doa jiweni polepole mpaka pakawa kama wingu.

"Njoo uone, binti," akasema. "Ila mikono nyuma."

Akaenda, mikono nyuma.

Vuli nzima picha za maktaba zilimiminika mezani. Wenzake walipaka huku wakipiga soga. Walburga naye alipiga soga, mpaka brashi ifike kwenye wingu. Hapo alinyamaza, akainamisha kichwa, akapita pembeni yake bila kuligusa.