Mgongo wa Callixte

Nani hapa Katumba hamjui Callixte? Ndiye aliyelitoa gitaa la solo kwenye rumba tulizozizoea, akalipigisha roki mpaka spika zinakwaruza na kuku wanakimbilia migombani. Miaka thelathini alizunguka na bendi yake, Mpanda mjini, Usevya, hadi vijiji vya tumbaku ambako umeme ulikuwa wa jenereta. Kila wimbo ukifika katikati, gitaa lilitoa kilio: nyuzi zote zinalegea kwa pamoja, kisha zinapanda tena. Watu walikuwa wanashika vichwa.

Kilio kile alikitoaje? Hapo sasa ndipo roho yake mbaya ilipojificha. Wapiga gitaa wa bendi nyingine walikuja kumwibia vidole, basi kilio kikikaribia, huyo, anageuka na kuwapa mgongo! Walichoambulia ni bega la kushoto likitikisika. Wakimuuliza, anacheka. "Nyie sikilizeni tu, macho ya nini?"

Leo wapiga gitaa wote wa huku, hata wa kwaya, wanatikisa bega. Kilio hakitoki. Siyo bega jamani! Ni kulibana gitaa kiunoni kwa mkono wa kulia, halafu kuisukuma shingo yake mbele, taratibu, kwa mkono wa kushoto. Sentensi moja tu, na Callixte hawezi kuisema. Kiharusi kimeuchukua upande wake wa kulia pamoja na ulimi. Kalamu ilishajaribiwa, lakini herufi nazo zimemtoka kichwani.

Alasiri moja alikuwa kwenye kiti chake uani wakati mwanafunzi wake Dieudonne alipofika na gitaa na spika ndogo.

"Shikamoo mwalimu. Kesho tunaingia studio Mpanda, tunarekodi wimbo wako. Nataka kilio kiwemo, kile chenyewe. Bila hivyo kitapotea."

Moyo wa Callixte uliruka. Alimwashiria amsogelee. Dieudonne akampakatisha gitaa, naye akaishika shingo kwa mkono wake mzima, akaisukuma mbele kwa nguvu zote. Mkono wa kulia, uliotakiwa kubana, ulikuwa umelala pajani. Gitaa zima likateleza, Dieudonne akalidaka.

"Hataki," alisema mkewe, Lidia, kwa huruma. "Akiliona anaumia. Liondoe, mwanangu."

Hapana! Callixte alitikisa kichwa, akainyooshea kidole shingo ya gitaa, akasukuma hewa. Akasukuma tena. Alitaka kupiga yowe, ukatoka mkoromo tu.

"Ananiambia niende," alisema Dieudonne, uso umemshuka. "Basi mwalimu, usikie mara moja tu, kisha naondoka."

Akawasha spika, akaanza. Na alipiga vizuri, mtoto wa watu. Callixte akamkazia macho vidole, akisubiri mahali pa kilio, maana hapo angeweza walau kujinyoosha, kumshika ule mkono wa kushoto na kuusukuma. Zilibaki nota nne. Tatu.

Dieudonne, kwa heshima zote kama alivyomwona mwalimu wake akifanya, akageuka na kumpa mgongo. Bega likatikisika.

Callixte alipiga kiti kwa kiganja, pa, pa, pa, machozi yakimshuka mpaka kidevuni.

"Umemgusa," Lidia alinong'ona. "Ona anavyokushangilia."

"Asante, mwalimu," alijibu Dieudonne bila kugeuka, akazidi kulitikisa bega.